Upo wapi? Kutoka kwa balozi wa nyumba kumi hadi kwenye simu yako

Kuna swali moja ambalo sisi tunaoishi Kibaha na kuhangaikia riziki Dar tunalijibu kila siku, na mara nyingi tunalijibu kwa uongo. Swali lenyewe ni "upo wapi?" Kaa kwenye daladala ya Kibaha–Mbezi saa moja asubuhi halafu tega sikio. Gari bado linapakia Picha ya Ndege, jamaa wa siti ya nyuma anamwambia bosi wake kwamba yupo Kibamba, foleni tu ndiyo inamchelewesha. Konda anacheka, abiria wanacheka, na gari linaendelea kupakia.

Uongo huo ni mchanga kuliko tunavyodhani. Enzi za simu ya mezani hakuna aliyeuliza swali hilo, maana ukipiga namba ya ofisi na mtu akapokea, basi yupo ofisini. Swali limeletwa na simu za mkononi: Mobitel mwaka 1994, Vodacom mwaka 2000, Celtel mwaka 2001, na wengine waliofuata. Ghafla sauti ikaachana na mahali. Namba ikawa ya mtu, haikuwa tena ya nyumba, na mtu yule anaweza kuwa popote. Ndipo tukaanza kuulizana. Kinachonichekesha na kunitisha kwa pamoja ni kwamba wakati jamaa wa siti ya nyuma anadanganya, kifaa alichokibana sikioni kinasema ukweli, na kinausema kwa watu ambao hata hawajamuuliza.

Lakini hamu ya kujua mtu yupo wapi ni kongwe kuliko simu. Naomba tuirudie historia kidogo, na tuianzie Kisarawe.

Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya vibanda mwaka 1898, walikutana na tatizo ambalo mtoza kodi yeyote duniani analijua: ili umtoze mtu lazima kwanza ujue analala wapi. Kibanda cha shamba kilitozwa rupia 3. Kazi ya kuhesabu vibanda na kukusanya fedha iliwaangukia maakida na majumbe. Uzaramo yote, kuanzia vilima vya Pugu hadi ndani kabisa huko, ikaanza kuandikwa kwenye madaftari. Na kwa kuwa kinachohesabiwa ni kibanda, watu wakajibu kwa akili: jamaa wengi wanabanana chini ya paa moja, au mtu anajenga mbali kidogo na njia ambako jumbe hafiki kila siku. Hiyo ndiyo ilikuwa mipangilio ya faragha ya wakati ule, ukipenda kuiita hivyo.

Waingereza nao mwaka 1922 wakaweka sheria yao ya kodi ya nyumba na ya kichwa. Sasa mwanaume hakuweza tena kujificha ndani ya kibanda cha ndugu, maana kichwa chake chenyewe kinadaiwa. Stakabadhi ya kodi ikawa kitu cha kutembea nacho. Kwenye mashamba kulikuwa na kipande, kadi ya mfanyakazi iliyowekwa alama kwa kila siku aliyofanya kazi, mpaka zitimie siku 30 ndipo alipwe. Majirani zetu Kenya waliona mabaya zaidi. Huko kipande kilikuwa cheti chenye alama za vidole, kikiwekwa ndani ya kijaluba cha bati na kuning'inizwa shingoni, na mwanaume Mwafrika aliyekutwa nje bila hicho alikuwa na kesi. Kilianza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza na kilidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1940. Hebu fikiria kitu kinachoning'inia mwilini mwako, kina alama ya kidole chako, na bila hicho huwezi kufanya shughuli. Nadhani mmeshaanza kuona ninakoelekea.

Dar es Salaam kulikuwa na hadithi yake. Mwaka 1944 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa mjini watu isiowataka, yaani wasio na kazi, na kuwarudisha kwao. Wa Singida akirudishwa Singida ameenda kweli. Lakini Mzaramo ukimrudisha Uzaramo umemrudisha wapi? Kutoka Kisarawe hadi Kariakoo ni mwendo wa kutwa kwa miguu. Umbali ndio ulikuwa ukimlinda mtu, na sheria ile, kwa watu wa huku kwetu, ilikuwa sawa na kuchota maji kwa pakacha.

Tukapata uhuru, na hamu ikabaki pale pale, ila sasa ikaja na sura ya ndugu. Kati ya mwaka 1963 na 1965 TANU ilieneza mfumo wa nyumba kumi kumi. Kila nyumba kumi zikawa na kiongozi wao, yule tuliyekuja kumwita balozi au mjumbe. Angalia neno lenyewe: jumbe wa Mjerumani, mjumbe wa TANU. Kazi zake zilikuwa nyingi: kusuluhisha ugomvi wa mume na mke, kuhimiza kazi za kujitolea, kukusanya michango ya chama, na kujua nani ni mgeni nyumba gani. Ukipokea mgeni wa kulala, unaenda kumwarifu balozi. Hakukuwa na setilaiti, lakini mtu aliyeshuka garini Mlandizi saa kumi jioni alikuwa anajulikana kabla ya magharibi.

Halafu vikaja vijiji. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kazi iishe ifikapo mwisho wa 1976. Tunafundishwa shuleni kwamba lengo lilikuwa kuwasogeza watu karibu na shule, maji na zahanati, na ni kweli. Lakini kuna upande mwingine ambao wanahistoria wameuandika sana: mtu aliyetawanyika porini hahesabiki wala hahimizwi kulima, na kumkuta nyumbani ni bahati. Kwa mkoa wa Pwani jambo hili lilikuwa zito kwa namna yake, kwa sababu mali ya mzee wa Kizaramo haikuwa ng'ombe wa kuswaga. Ilikuwa mikorosho, miembe na minazi. Mnazi hauhamishwi kwa lori. Watu walisogezwa kando ya barabara, miti ikabaki kule, na mtu akawa na anwani mpya na shamba la kale. Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 ikaipa hali hiyo muhuri.

Mjini nako msako haukukoma. Mwaka 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi, na vijana wa Dar wakawa wanasimamishwa barabarani waonyeshe kitambulisho cha kazi. Asiye nacho alipandishwa gari kwenda shamba. Kisha kodi ya maendeleo, ambayo wengi wenu mnaikumbuka kwa jina la kodi ya kichwa, na mgambo wake waliowakimbiza watu alfajiri. Ilifutwa mwaka 2003. Baba zetu wana stori za kuvuka mashamba ya mihogo wakiwa na kandambili mkononi, na wanazisimulia kwa kicheko sasa, lakini sidhani kama walicheka siku ile.

Kwa nini nawachosha na haya yote? Kwa sababu mifumo yote hiyo, mibaya na iliyo afadhali, ilikuwa na jambo moja la pamoja: ulimjua anayekufuatilia. Jumbe alikuwa na jina. Balozi alikuwa na kiti cha uvivu barazani na watoto uliosoma nao. Ungeweza kubishana naye, kumsihi, kumnywesha kahawa, hata kumchukia kwa macho makavu. Sitaki kumpamba sana, maana balozi huyo huyo alikuwa sikio la chama na wako walioumia kwa umbea wake. Ila daftari lake uliliona likifunguliwa.

Haya, turudi kwenye simu. Kwanza niondoe dhana moja ambayo naisikia kila kijiwe, hata kwa wasomi wenzangu: eti "setilaiti inatuona". Haituoni. GPS ni mali ya jeshi la Marekani. Setilaiti ya kwanza ya mfumo huo ilirushwa mwaka 1978, na leo zipo kama 31 zikizunguka kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi. Zinachofanya ni kutangaza saa, kama redio inavyotangaza, basi. Simu yako inasikiliza setilaiti nne au zaidi, inapima nani amechelewa kusikika na kwa kiasi gani, kisha inapiga hesabu na kujua ilipo. Setilaiti haijui kama wewe upo duniani. Mwaka 1983, baada ya ndege ya abiria ya Korea Kusini kupotea njia na kutunguliwa na Wasovieti, Rais Reagan alitangaza kwamba raia wataruhusiwa kuutumia mfumo huo. Lakini kwa makusudi jeshi liliendelea kuharibu kidogo mawimbi ya raia, hivyo ungeweza kukosea kwa mita 100. Mwezi Mei 2000 Rais Clinton akaamuru uharibifu huo uzimwe. Usiku mmoja tu, na dunia nzima ikaona vizuri mara kadhaa zaidi. Bila usiku ule hakuna Uber iliyofika Dar mwaka 2016, wala Bolt ya kukufuata mlangoni.

Anayejua ulipo ni mnara. Hapa ndipo penyewe. Ili simu iite, mtandao lazima ujue ukutafute kwenye minara ipi. Kwa hiyo muda wote laini ikiwa hewani, simu inajitambulisha kwa mnara. Hilo halizimwi na kitufe chochote ndani ya mipangilio ya simu, maana likizimwa simu haiwi simu. Mnara pia unaweza kukadiria umbali wako: kwenye teknolojia ile ya kizamani ya 2G, ambayo bado ipo, kipimo chake ni hatua za kama nusu kilomita. Mjini minara imebanana, kwa hiyo ukiwa Kariakoo unajulikana karibu upo mtaa gani. Nenda Mzenga au Vikumburu, mnara mmoja unahudumia eneo kubwa, na kinachojulikana ni kwamba upo upande fulani wa kilomita kadhaa za mikorosho. Kwa mara nyingine mtu wa Kisarawe ndani ndani analindwa na umbali, kama babu yake. Ila Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006, umekuwa ukisogeza minara vijijini, na Halotel walioanza huduma mwaka 2015 nao waliingia vijijini kwa kasi. Unapata mtandao, unapata M-Pesa, na pori linapungua.

Kuna njia ya tatu, waifai. Simu yako inasikia majina ya mitambo ya waifai iliyo jirani hata kama hujaunganishwa, na makampuni makubwa yana ramani ya mitambo hiyo. Ndiyo maana ukiwa ndani ya jengo ambako GPS haifiki, ramani bado inakuonyesha vizuri tu.

Ajabu ni kwamba pamoja na yote haya, mashine bado inapotea huku kwetu. Wilaya ya Kisarawe ina kata inaitwa Masaki. Jaribu kumwelekeza mgeni "njoo Masaki" halafu aifuate ramani, utamkuta ufukweni kwa mabalozi (wale wengine, si wa nyumba kumi). Au chukua Kiluvya, pale ambapo Kibaha, Kisarawe na Ubungo zinakutana. Kaa Kiluvya unywe soda, simu yako inaweza kushika mnara wa upande wa pili wa mpaka, na kwenye rekodi ukaonekana ulikuwa wilaya nyingine. Vituo vyetu vimepewa majina ya watu na vitu, Kwa Mathias, Kwa Mfipa, Picha ya Ndege, na anwani ya nyumba ilikuwa "ukishuka uliza". Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti mwaka huo, ndiyo iliyotundika vibao vya mitaa na namba za nyumba, na kuviingiza kwenye programu pamoja na vipimo vya mahali. Sasa nyumba ya bibi ina namba, japo wajukuu tunaendelea kusema "pale penye mwembe".

Mnara peke yake, hata hivyo, unajua simu, haujui jina. Jina lilikuja kwa hatua. Hadi mwaka 2009 laini iliuzwa kama karanga, unanunua kituoni na kuendelea na safari. Julai 2009 usajili ukaanza, na mwaka 2010 ukaingia ndani ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta. Wakati ule ilikuwa fomu na nakala ya kitambulisho chochote, na wengi waliandika walichotaka. Kisha Mei 2019 ikaja zamu ya alama za vidole na namba ya NIDA. Mnakumbuka foleni zile? Watu walilala kwenye ofisi za NIDA. Mwisho ulikuwa 31 Desemba 2019. Rais Magufuli, aliposajili laini yake Chato, akaongeza siku 20, na 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Sababu zilizotolewa zilikuwa za maana, utapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" ukiwemo, ingawa matapeli hao hawajaacha kunitumia ujumbe. Lakini kiutendaji siku ile mambo matatu yaliungana kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hii: kidole chako, jina lako, na mahali ulipo kila saa. Hata kipande cha Kenya hakikufika huko, maana kile kilisema wewe ni nani, hakikusema jana usiku ulikuwa wapi.

Rekodi hizo zina nguvu gani? Mjerumani mmoja mwanasiasa, Malte Spitz, aliidai kampuni yake ya simu impe kila walichohifadhi juu yake. Akapewa taarifa za miezi sita, mistari zaidi ya 35,000, na mwaka 2011 gazeti la Die Zeit likazichora kwenye ramani: treni aliyopanda, saa aliyolala, mkutano aliohudhuria. Marekani, mwaka 2018, Mahakama Kuu iliamua kesi ya Carpenter, ambamo polisi walikuwa wamechukua rekodi za minara za siku 127 bila hati ya upekuzi. Mahakama ikasema hapana, hati inatakiwa.

Na kwetu? Septemba 2024 gazeti la The Guardian la Uingereza liliripoti nyaraka za shauri la kazi lililofunguliwa London na Michael Clifford, aliyekuwa mchunguzi wa ndani wa Millicom, kampuni iliyokuwa ikimiliki Tigo wakati huo. Kwa mujibu wa nyaraka hizo, kuanzia Agosti 2017 Tigo iliipa serikali ya Tanzania taarifa za simu za Tundu Lissu, na siku za mwisho za mwezi huo ufuatiliaji wa mahali zilipo simu zake mbili ukawa wa saa 24. Tarehe 7 Septemba 2017 Lissu akapigwa risasi nje ya makazi yake Dodoma, akiwa mbunge anayetoka bungeni mchana. Millicom ilikuwa inapinga dai la Clifford kwamba alifukuzwa kwa kuibua jambo hilo. Mimi sisemi taarifa za simu ndizo zilizofyatua risasi, hiyo ni kazi ya uchunguzi ambao Watanzania wengi wanausubiri. Ninachosema ni hiki: hakuna kitufe ambacho Lissu angekibonyeza kwenye simu yake kikazuia. Taarifa ilikuwa inatoka upande wa mnara.

Kenya nao, Oktoba 2024, gazeti la Nation lilichapisha uchunguzi kuhusu vyombo vya usalama kupata taarifa za wateja wa Safaricom. Kampuni ilikanusha kuvunja sheria.

Sisi tulio kwenye taaluma hii, na hasa tunaoandika habari za mkoa wa Pwani, hatuwezi kuongelea mambo haya bila kumtaja Azory Gwanda. Alikuwa akiliandikia Mwananchi kutoka Kibiti wakati wa mauaji yale ya kutisha, na alitoweka tarehe 21 Novemba 2017. Julai 2019 waziri wa mambo ya nje wakati huo alisema kwenye mahojiano na BBC kauli iliyoeleweka kwamba Azory amefariki, kisha akasema alinukuliwa vibaya. Nchi inayoweza kujua laini ya bibi yangu ipo Maneromango au Mlandizi, kwa Azory swali ni lile lile tulilonalo kwenye daladala: yupo wapi?

Basi, nini kipo mikononi mwako? Zipo tabaka mbili, na watu wengi wanazichanganya. Tabaka ya mnara nimeshaieleza. Ukiwa na mtu anayekupa habari nyeti, kuzima "Mahali" kwenye simu hakumlindi. Simu zenu mbili zikikaa chini ya mnara mmoja kwa saa nzima pale Kisarawe mjini, kila moja kwa jina la mwenyewe, rekodi imeshaandikwa. Simu iache nyumbani ikiwa inawaka. Ukiizima njiani, ukimya wake nao unaonekana.

Tabaka ya pili ni ya programu, na hii unaiweza. Fungua mipangilio, tafuta Mahali, halafu soma orodha ya programu zilizopewa ruhusa. Fanya leo, utashangaa. Tochi inataka kujua ulipo ya nini? Hadi mwaka 2019 kwenye Android ilikuwa ruhusu au kataa. Tangu toleo la 10 unaweza kusema "ninapoitumia tu", tangu la 11 "mara hii tu", na tangu la 12, lililotoka 2021, unaweza kuipa programu makadirio badala ya mahali kamili. iPhone nazo zina hayo tangu 2019 na 2020. Ramani na Bolt wape mahali kamili wakati unazitumia. Hali ya hewa mpe makadirio, mvua ya Kibaha hainyeshi nyumba moja. Kinachoitwa "wakati wote" kinyime karibu kila programu. Na zile za mikopo ya haraka ziangalie mara mbili; Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Google ni habari yake yenyewe. Mwaka 2018 shirika la habari la AP lilifichua kwamba hata ukizima historia ya maeneo, kampuni iliendelea kuhifadhi ulipo kupitia mpangilio mwingine kabisa, ule wa shughuli zako za kwenye wavuti na programu. Mwaka 2022 ikakubali kulipa majimbo 40 ya Marekani dola milioni 391.5 kumaliza suala hilo. Sisi hatukulipwa hata shilingi, lakini tulikuwa tunatumia simu zile zile. Kwa hiyo unapozima, zima vyote viwili, na futa kilichokwisha kuhifadhiwa. Desemba 2023 Google ilitangaza kwamba rekodi ya safari zako itahamia ndani ya simu yenyewe badala ya kwenye mitambo yao. Ni afadhali, ingawa maana yake ni kwamba anayeishika simu yako anaishika safari yako.

Na hapo naomba tuwe wakweli: kwa wengi wetu anayetufuatilia si serikali wala Marekani. Ni mtu wa nyumbani. WhatsApp ilileta kushiriki mahali ulipo kwa muda mwaka 2017, dakika 15, saa moja au saa 8, na nimeona uchumba ukiendeshwa kwa saa 8 kila siku kama zamu ya kiwandani. Mwanamke aliyepewa simu ya zawadi ikiwa imeshafunguliwa akaunti ya Google na aliyemnunulia, anatembea na balozi mkobani. Angalia akaunti zilizomo kwenye simu yako, na kama kuna usiyoijua, iondoe.

Sheria nayo ipo sasa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Inakupa haki ya kuiuliza taasisi inahifadhi nini juu yako, na kudai kirekebishwe. Ina milango yake ya kutokea pale usalama wa taifa unapotajwa, na milango hiyo ni mipana kuliko ningependa. Lakini alichofanya Malte Spitz kuidai kampuni yake ya simu, Mtanzania naye ana mahali pa kuanzia. Barua ninayo mezani, nimeshaandika jina, namba ya NIDA na namba ya laini, na nimeomba rekodi zangu za minara za miezi sita. Nikijibiwa nitawaletea ramani, na yule jamaa wa siti ya nyuma ajiandae.